Kitabu cha Misa cha Zaire na umoja wa Eklezya

Kitabu tunachotaka kupima leo si kipya. Kwa miaka zaidi ya 35 kimekaa juu ya altari za paroasi nyingi za inchi yetu. Mapadri wanakifungua, wakatekista wanakifundisha, watoto wanajua viitikio vyake bila kusoma. Na hapo ndipo hatari. Jambo lililozoewa halichunguzwi tena. Tunapiga ngoma, tunacheza kuzunguka altari, tunarudi nyumbani, wala hatujiulizi: kitabu hiki kinataka kutufanya watu wa namna gani?

Tunauliza ulizo hili juu ya sababu kubwa. Eklezya yetu ni ya makabila mengi na lugha nyingi. Tunasema kila siku ya Mungu kwamba sisi ni mwili mmoja. Lakini wakati wa taabu tumeona wakristu wakitafutana kwa kabila, si kwa ubatizo. Basi inafaa kujua kama Kitabu cha Misa kinatusaidia kuwa wamoja, ao kama kinatupendeza tu masikioni.

I. Jina lake

Jina lake kamili kwa Kifaransa ni Missel romain pour les diocèses du Zaïre, ni kusema Kitabu cha Misa cha Roma kwa majimbo ya Zaire. Roma ilikithibitisha tarehe 30 Aprili 1988. Inchi iliacha jina la Zaire mwaka 1997, lakini kitabu kimebaki na jina lake la ubatizo.

Watu wengi wanasema tu «Misa ya Zaire», na kwa kusema hivyo wanakata jina katikati. Tusilikate. Neno «cha Roma» liliwekwa kwa akili, na neno «Zaire» vilevile. Kitabu hakisemi: sisi ni Eklezya nyingine. Wala hakisemi: sisi ni kivuli cha wengine. Mtoto wa kiume akikua, habadili ukoo wa baba yake. Lakini anajenga nyumba yake, na moto wa nyumba ile anauwasha mwenyewe. Baba mwenye akili hamkasirikii mtoto juu ya jambo hilo. Anakuja kuota moto pamoja naye.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alisoma Misa hii katika basilika ya Mtakatifu Petro huko Roma, pamoja na wakristu wa Kongo wanaokaa mji ule. Akarudia mwaka 2022, na mwaka 2023 akaisoma mbele ya watu wengi sana katika uwanja wa ndege wa Ndolo, Kinshasa. Baba alikuja kuota moto.

II. Njia iliyokileta

Kitabu hiki hakikuanguka toka mbinguni. Wazee wanakumbuka mwaka 1958, wakati Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alipokuwa na korali yake huko Kamina. Waimbaji wale walitoa Missa Luba, nao wakasafiri Ulaya mwaka uleule. Tuseme haki: ilikuwa kazi nzuri, na watu wa inchi nyingi waliistaajabia. Lakini tuipime sawasawa. Maneno yake yalikuwa ya Kilatini. Sauti na ngoma ndizo zilizokuwa za kwetu. Ni kama kumvika mgeni nguo zetu. Tunafurahi kumwona, lakini bado hajajifunza kusema nasi.

Maaskofu wetu walitaka kwenda mbele. Katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1961 waliomba liturjia iliyo kweli ya Afrika. Tarehe 4 Desemba 1963 Konsilio ya Vatikano II ilitoa sheria yake juu ya liturjia takatifu. Nambari 37 mpaka 40 za sheria ile zinasema wazi kwamba Eklezya haitaki kuwalazimisha watu wote kufuata mpangilio mmoja katika mambo yasiyogusa imani ao faida ya wote, ila tu umoja wa msingi wa kawaida ya Roma ulindwe. Hapo mlango ulifunguliwa. Kardinali Malula, Askofu mkuu wa Kinshasa, alisukuma kazi kwa nguvu. Mwaka 1973 mpango wa kwanza ulipelekwa Roma. Maulizo yakaja, majibu yakaenda, na maulizo mengine yakaja tena. Alipokufa, mwezi wa Juni 1989, kitabu kilikuwa kimekwisha kukubaliwa.

Toka 1961 mpaka 1988 ni miaka 27. Wengine walichoka, wengine walinung'unika. Lakini hawakuvunja. Hili ni fundisho la kwanza la kitabu, tena liko nje ya kurasa zake: mapendo ya umoja ni uvumilivu. Anayetaka kuwa tofauti bila kungojana na wandugu, huyo anajitenga. Na anayewangojesha wandugu bila sababu, huyo naye anajaribu umoja.

III. Uzuri wake mkubwa

Ukimwuliza mkristu wa kawaida: Misa hii ina nini? Atakujibu: ngoma na kucheza. Sisi tunasema kwamba uzuri wake mkubwa hauko hapo. Uko katika mpangilio.

Katika mpangilio wa kawaida wa Roma, toba inakuja mwanzoni, na salamu ya amani inakuja karibu na Komunyo. Kitabu chetu kinafuata njia nyingine. Watu wanaingia na kuitwa. Watakatifu wanaalikwa, na wankambo wenye moyo mnyofu wanaalikwa pamoja nao. Utukufu unaimbwa. Neno la Mungu linasomwa, padri anafundisha. Ndipo inapokuja toba: watu wanainamisha vichwa na kukunja mikono kifuani, kisha wananyunyiziwa maji. Baada ya toba wanapeana amani. Na baada ya amani ndipo wanaomba pamoja na kuleta matoleo.

Angalieni hekima yake, wandugu. Mtu hawezi kujuta vizuri kosa ambalo hajaonyeshwa. Kwanza Neno linatuhukumu, kisha tunainama. Na katika Evanjili ya Matayo, sura ya 5, Bwana wetu anaamuru: ukileta toleo lako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, liache toleo, nenda kupatana naye kwanza. Kitabu chetu kimelifanya agizo hili kuwa njia ya Misa yenyewe. Huwezi kufika kwenye matoleo bila kupita kwenye mkono wa ndugu.

Wazee wetu pia wangeitambua njia hii. Katika baraza la kijiji jambo linasemwa kwanza, mbele ya wote. Mwenye kosa anakubali. Wanapatana. Chakula kinakuja mwisho. Ukileta chakula kabla ya kusema jambo, watu watakula, lakini kila mmoja atashika jambo lake tumboni pamoja na ugali.

Hapo tunaona kitabu hiki kinafikiri nini juu ya umoja. Hakisemi kwamba sisi tuko wamoja tayari kwa sababu tumekaa chini ya paa moja. Kinasema kwamba umoja unafanywa, tena unafanywa upya kila juma, kwa kusikia, kwa kutubu na kwa kupatana. Lex orandi, lex credendi, walisema wazee wa Eklezya: jinsi tunavyosali ndivyo tunavyosadiki. Tungependa kuongeza: na ndivyo tunavyopashwa kuishi na jirani.

IV. Wankambo ni wa nani?

Sasa tufike mahali pagumu. Kitabu kinawaalika wankambo wenye moyo mnyofu. Hakitaji kabila lolote. Ni hekima, lakini ni hekima inayotuachia kazi. Katika paroasi moja ya mjini wanakaa Waluba, Wasanga, Wabemba, Wahemba, Washi, Wanande na wengine. Padri anaposema «wankambo wetu», kila mmoja anawaona wa kwake. Pengine wankambo wa huyu walipigana na wankambo wa yule. Je, tunawaalika kuja kukaa pamoja, ao tunawaalika waje kila mmoja na mkuki wake?

Tunajibu kwa mfano wa watakatifu wetu. Mwenyeheri Anwarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alikuwa Mbudu. Mluba wa Katanga anamwomba kama dada yake, wala haulizi ukoo. Mwenyeheri Isidori Bakanja alitoka upande wa Wamongo. Mushi wa Bukavu anajivunia skapulari yake. Na tarehe 18 Agosti 2024 huko Uvira, Eklezya iliwatangaza wenyeheri wanne waliouawa Baraka na Fizi mwezi wa Novemba 1964: Wasaveri watatu wa Italia, na padri wa hapa kwetu, Alberti Joubert, aliyezaliwa kwa baba Mfaransa na mama Mkongo. Hao wanne watahesabiwa kuwa wankambo wa nani? Wa Kitalia ao wa Kifulero, wa Kibembe ao wa Kifaransa? Damu iliyomwagika siku ile moja haikuulizwa kabila. Wamekuwa wankambo wetu sisi sote kwa sababu ya Kristu.

Basi hii ndiyo maana ya kweli ya sala ile. Ubatizo unatupa wankambo wapya, na unawapa wankambo wetu wa zamani watoto wapya. Jirani yangu wa kabila lingine, nikipeana naye amani, wafu wake wanakuwa wafu wangu. Nisipokubali kuwalilia wafu wake, nimewaalika wa kwangu bure.

Wandugu, tusiseme haya kwa maneno matamu tu. Miaka 1992 na 1993 katika Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu. Walifukuzwa Likasi, walifukuzwa Kolwezi. Familia nzima zilikaa kwenye gare siku nyingi zikingoja treni, na watoto wakafa palepale. Kitabu cha Misa kilikuwa kimekwisha kuthibitishwa. Wafukuzaji na wafukuzwaji walibatizwa kwa maji mamoja. Wengi wao walikuwa wamesali katika kanisa moja na kushikana mikono ya amani. Na katika mwezi wa Aprili 1994, maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika Roma kwa Sinodi yao na kuita Eklezya «familia ya Mungu», Rwanda ilikuwa ikiwaka moto. Rwanda ina lugha moja. Wakristu wake waliimba nyimbo zilezile, kwa Kinyarwanda kilekile.

Tuyaweke mambo haya mawili kando kando. Wengine wanadhani kwamba tofauti za lugha na za desturi ndizo zinazoleta fitina, na kwamba tukiwa wote sawasawa tutakuwa wamoja. Rwanda inatujibu: hapana. Wengine wanadhani kwamba tukimpa kila mmoja ngoma yake, amani itakuja yenyewe. Katanga inajibu: hapana tena. Umoja hautoki katika kufanana, wala hautoki katika kuchanganya ngoma. Unatoka mahali palepale kitabu chetu kinapouweka: kati ya toba na matoleo.

V. Makosa tunayoyaona

Mpimaji wa haki hasifu peke yake. Tunaona makosa mawili: la kwanza liko karibu na kitabu chenyewe, la pili ni letu.

Kosa la kwanza. Waliotengeneza Misa hii walichukua mfano wa baraza la kijiji, lenye mkubwa anayekaa katikati ya watu, na mtangazaji anayemfungulia maneno. Mfano ni mwema. Lakini umezaliwa kijijini. Kijana wa Lubumbashi, wa Goma ao wa Kisangani, ambaye baba yake ni wa kabila moja na mama yake wa lingine, na ambaye anasema Kiswahili cha mjini toka utoto, hajaona baraza la shefu hata siku moja. Ukimwambia «desturi za kwetu», anakuuliza: kwetu wapi? Kwa kijana huyu, mchanganyiko wenyewe ndio desturi. Kitabu hakijasema naye sana. Kazi hiyo imebaki, nayo ni ya ninyi mlio katika seminari leo.

Tena mfano wa mkubwa una mtego. Katika paroasi fulani tumeona padri amekaa kama mwami, na ngozi, na vijana wenye mikuki kuume na kushoto. Hatusemi kwamba mikuki ni dhambi. Tunasema kwamba Bwana wetu, usiku ule alipotupa Ekaristi, aliwaambia mitume katika Evanjili ya Luka kwamba wafalme wa mataifa wanawatawala watu, lakini ninyi msiwe hivyo. Tena shefu ni shefu wa kabila fulani. Padri akivaa nguo za mwami wa kabila moja, wakristu wa makabila mengine wanakuwa wageni katika nyumba ya Baba yao.

Kosa la pili ni letu. Tumechukua kilicho chepesi na kuacha kilicho kizito. Kucheza tunacheza sana, pengine kwa saa nzima. Lakini toba inapita upesi kama mvua ya kiangazi. Amani tunapeana na wale waliokaa karibu nasi, na tumejipanga kukaa karibu na wale wa kwetu. Korali moja imekuwa ya kabila hili, korali nyingine ya kabila lile, na siku ya sikukuu zinashindana. Mtangazaji, aliyewekwa kuwaita watu waingie katika sala, amejifanya mwenye kuchekesha. Haya hayakuandikwa katika kitabu. Tumeyaleta sisi.

VI. Mashtaka mawili na jibu letu

Shtaka la kwanza: «Misa hii ni mchezo, si sala. Roma inasali kwa kimya.» Tunajibu: Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano kwa nguvu zake zote, Mikali akamdharau, na Maandiko hayakumsifu Mikali. Lakini Daudi alicheza mbele ya Bwana, si mbele ya watazamaji. Anayecheza kusudi aonekane, shtaka linampata.

Shtaka la pili linatoka upande mwingine: «Kwa nini tuombe ruhusa ya Roma? Mungu anasikia Kiluba na Kiswahili bila barua.» Tunajibu: kweli anasikia. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake mwenyewe. Roho hakuwalazimisha wote kujifunza lugha ya Petro. Lakini wote walisikia neno moja, na Petro alisimama pamoja na wale kumi na mmoja. Barua ya Roma si pingu. Ni ushuhuda kwamba wandugu wa mbali wamesikia sala yetu na kusema Amina. Na ushuhuda ule umewafaa wengine pia: mwaka 2020 Baba Mtakatifu Fransisko alisema kwamba njia ya Misa hii inaweza kuwaonyesha njia wakristu wa Amazonia. Kama tungejitenga, hatungekuwa na kitu cha kuwapa.

VII. Mwisho

Neno letu juu ya kitabu ni hili: ni kitabu chema, chema kuliko tunavyokitumia. Hakikushindwa, sisi hatujakisoma mpaka mwisho.

Ninyi waseminari, kesho askofu atawatuma mahali ambapo hamjui lugha wala kabila. Msilalamike. Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu, aliyepewa upadri mwaka 1917, hakuupokea kwa Watabwa peke yao. Kabla ya kufika, jifunzeni kusalimu kwa lugha yao. Mkifika, ulizeni majina ya wafu wao, na muwaombee.

Ninyi mapadri na wakatekista, kumbukeni ugomvi wa Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walisahauliwa katika kugawa chakula. Mitume hawakuwahubiri wakae kimya. Walichaguliwa watu saba, na wote saba wana majina ya Kigiriki. Mmoja wao, Nikola wa Antiokia, hakuwa hata Myahudi kwa kuzaliwa. Sanduku la mali likawekwa mikononi mwa upande uliolia. Basi na sisi tuangalie: katika baraza la paroasi yetu, nani anashika sanduku? Nani anachagua nyimbo? Nani anasimama mlangoni kupokea wageni? Kama ni wa kabila moja tu, ngoma zetu zinadanganya.

Na siku ya Mungu inayokuja, baada ya kunyunyiziwa maji, tusitoe mkono upesi kwa jirani wa benchi letu. Tuondoke mahali petu. Tuvuke njia ya katikati ya kanisa, twende kwa yule ambaye jina la kabila lake linatuchoma kidogo moyoni. Tumpe amani. Kisha turudi, tulete matoleo yetu.